Anayembeba mtoto asibebe kingine

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Mkubwa ana miaka saba, mdogo ana miezi 20 na kilo 11. Mwezi wa sita shule zikifungwa, mume wangu anataka tutembee kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, siku tatu, kila kitu mgongoni, hema pia. Ameshanunua kibebeo cha mtoto chenye fremu, mtumba wa Karume. Mama mkwe anasema tumerukwa na akili, mtoto atapigwa na baridi. Mimi nipo katikati. Inawezekana? Na mtoto awe na umri gani ndiyo aende?

Dada yangu, inawezekana, ila siyo kwa namna shemeji alivyoipanga. Na Mama mkwe msimcheke, kwa sababu katika nyumba yenu yeye ndiye aliyegusa jambo kubwa kuliko yote. Nitafika huko.

Nimewapitisha watu kwenye njia hizi za Usambara miaka kumi na saba, na wanangu wawili walizipita mgongoni kabla hawajazipita kwa miguu. Tuanze na umri. Miezi 20 ni umri mgumu kuliko miezi minane, na ni mgumu kuliko miaka minne. Wa miezi minane ukimfunga mgongoni analala, akiamka ananyonya, safari inaendelea. Wa miaka minne unaweza kumwambia kuna mbega mbele, akajikaza. Wenu anataka kutembea lakini hafiki mbali, anataka kushika kila kitu lakini hajui kinachouma, na akichoka hana maneno ya kukwambia. Sisemi msiende. Nasema huyo ndiye awe ratiba, milima ifuate.

Kimo cha milima yenyewe hakinitishi. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Mambo, kijiji jirani na Mtae ambako wengi humalizia, ni karibu mita 1,900. Maradhi ya mwinuko kwa kawaida huanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500 hivi. Nalisema kwa sababu watu wakishazoea Usambara huja kuniuliza kuhusu kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro, kilichopo mita 2,720. Mtoto asiyeweza kusema “kichwa kinauma” simpeleki kulala huko, hata wazazi wawe wakakamavu namna gani. Usambara hamna shida hiyo.

Shida yenu ni mizigo. Kaa na shemeji, chukueni karatasi. Mtoto kilo 11. Kibebeo cha fremu kikiwa kitupu huwa karibu kilo 3. Weka chupa ya maji, kofia, sweta la akiba na pampasi mbili kwenye mfuko wake wa chini, unafika kilo 15 na nusu. Mtu wa kilo 70 akibeba robo ya uzito wake, yaani kilo 17 na nusu, siku nzima kwenye milima, amebeba vya kutosha. Kwa hiyo shemeji ameshajaa, na hema bado lipo chini.

Sasa vilivyobaki. Hema la watu wanne, kilo 5. Mablanketi au mifuko ya kulalia na mikeka, kilo 6. Maji lita 5, kilo 5. Chakula cha siku tatu, hata mkijibana, kilo 5. Jiko na sufuria, 2. Nguo za watu wanne mahali penye baridi, 5. Hizo ni kilo 28, na wa kuzibeba ni wewe, labda kilo 11 au 12, na mtoto wa miaka saba ambaye nisingempa zaidi ya kilo 2. Kilo 14 na zaidi hazina mgongo. Kinachotokea hapo nimekiona mara nyingi: baba anaongeza begi kifuani “kwa muda tu.” Mtu mwenye mtoto mgongoni na begi kifuani haoni miguu yake. Njia za kwetu zina mizizi, zina mifereji ya maji ya mashambani, na asubuhi udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Akianguka yeye, mtoto anaanguka kutoka juu zaidi kuliko angeanguka peke yake.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sijawahi kuilegeza: anayembeba mtoto asibebe kingine. Mikono yake iwe na fimbo, au iwe mitupu.

Kutokana na hiyo mna njia mbili. Mpate mpagazi, na vijijini hamtamkosa kijana anayeijua njia kuliko mimi, au muache hema nyumbani mlale kwenye nyumba za wageni. Mimi ningefanya yote mawili. Hema mwezi wa sita milimani na mtoto wa umri huo ni kujitafutia adhabu. Umande unalowesha kila kitu, saa kumi usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na asubuhi ukungu haufunguki mpaka saa nne, hivyo hema mnalikunja bichi na kulibeba bichi. Lushoto kuna vitanda vya kila bei, na Rangwi masista wa Kikatoliki wana vyumba vya wageni ambavyo wapita njia wengi hulala. Mtae na Mambo pia hamtakosa pa kulala. Kama shemeji ana hamu sana na hema lake, alisimamishe uani kwenu Tabata, mlale humo usiku mmoja na watoto wote wawili. Asubuhi mtakuwa mmeelewana.

Sasa Mama mkwe na baridi yake.

Mwaka wangu wa pili wa kazi hii niliwapitisha baba na mama na mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu kwenye msitu wa Magamba. Mwezi wa saba, ukungu umeshuka hadi kwenye miti. Tulikuwa tunapanda. Baba alitoka jasho, akavua sweta, akavua shati akabaki na fulana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga koti kiunoni. Mtoto nyuma yake alikuwa na suruali nyepesi na soksi, mguu mmoja, nyingine ilishadondoka njiani na hakuna aliyeona. Alikuwa kimya, tukasema amelala, jamani mtoto mzuri huyu hana usumbufu. Tulipokaa kunywa chai mama alishika mguu wake, akanitazama, hakusema neno. Ule mguu ulikuwa kama samaki aliyetoka kwenye friji. Tulimvua, tukamweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, tukawafunika kwa kila tulichokuwa nacho, na ilichukua karibu saa nzima mpaka akaanza kulia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile. Kosa lilikuwa langu mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalipwa kuyajua mambo hayo.

Mbebaji anachemka, mbebwaji anaganda. Wewe unapanda mlima, misuli inafanya kazi, mwili ni tanuri. Yeye amekaa tu, upepo unampiga, miguu inaning’inia, na mshipi wa kibebeo ukimbana mapajani damu haishuki vizuri. Ukimvisha kwa kujipima wewe, umemkosea. Mvishe kama mtu aliyekaa kibarazani akisubiri basi asubuhi ya baridi: fulana ya ndani, sweta, koti lisilopitisha upepo, suruali mbili, soksi mbili ndefu zilizovutwa juu ya suruali, kofia inayofunika masikio. Kumpima, usishike mikono. Mikono ya watoto ni ya baridi hata wakiwa wazima. Ingiza vidole nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na joto kavu, yuko sawa. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo moja. Pakiwa pa baridi, simameni hapo hapo, si kwenye kona ya mbele. Na mkiwa njiani mwamsheni kwa maneno, mwimbieni, mchekesheni. Mtoto aliyenyamaza anaweza kuwa amelala, anaweza kuwa amechoka, anaweza kuwa anaganda, na kutoka mbele huwezi kujua. Ndiyo maana mbeba mtoto hatembei wa mwisho kamwe. Nyuma yake awepo mtu mzima anayemwona uso, anayeinua matawi yasimpige macho, anayeona soksi ikidondoka.

Hapo ndipo mbeleko inapoingia, na ndipo Mama mkwe anapopata ushindi. Fremu ni nzuri kwa saa nyingi: mzigo unakaa kwenye nyonga badala ya mabega, mtoto anaona mbele, hewa inapita kati yenu. Hewa hiyo hiyo ndiyo baridi. Kanga mbili zilizofungwa vizuri zinambana mtoto kwenye mgongo wako, na joto lako linakuwa lake. Mimi hubeba vyote. Fremu asubuhi jua likishatoka, mbeleko ukungu ukirudi, au mtoto akiwa amechoka, au jioni anapotaka mtu badala ya kiti. Kanga hazina uzito, na mchana ni kivuli, ni mkeka, ni taulo, ni pazia la kunyonyeshea. Kifuani usimbebe kwenye mteremko, kwa sababu ile ile ya begi.

Kuhusu hicho kibebeo cha Karume. Sina ugomvi na mtumba, cha kwangu mwenyewe kilikuwa mtumba. Lakini kikagueni kama mnavyokagua tairi. Vuta kila mshono kwa nguvu zote, hasa pale mikanda ya mabega inapoungana na fremu. Bana na kubandua kila kifungo cha plastiki mara ishirini. Plastiki iliyokaa juani miaka mingi inakuwa nyeupe kidogo kwenye kona, na hiyo hupasuka bila kuaga. Angalia kama mikanda ya ndani, ile inayomfunga mtoto mabegani na kati ya miguu, ipo yote. Vibebeo vingi vya mtumba huja vimepungukiwa na huo wa kati ya miguu, na mtoto anayejua kusimama atasimama humo. Kiti kikae juu kiasi kwamba magoti yake yawe usawa wa makalio au juu kidogo, mapaja yameegemea kitambaa, siyo kuning’inia kwa kinena. Kile kimguu cha kusimamishia ni cha kumpakia na kumpakulia tu. Msimwache amekaa humo chini mkaenda kupiga picha, na kamwe msikiweke juu ya meza wala ukuta mtoto akiwa ndani.

Kisha wekeni mfuko wa sembe wa kilo 10 humo ndani na chupa mbili za maji, shemeji apande na kushuka ngazi kwa saa moja. Wiki inayofuata mchukueni mtoto mwenyewe mkatembee kwenye msitu wa Pugu, upande wa Kisarawe. Ni karibu, kuna vilima, na mkishindwa mnarudi nyumbani kula. Safari ya Pugu itakufundisha kuliko barua yangu hii.

Njia sasa. Lushoto hadi Mtae kwa siku tatu, kwa kawaida, ni kupita msitu wa Magamba hadi Lukozi, kesho yake Rangwi, kesho kutwa Mtae. Mtu mzima mwenye mwendo anatembea kwa muda wa saa tano hadi saba kila siku. Mkiwa na mtoto wa miezi 20, zidisha mara mbili kasoro kidogo. Mwendo wa saa saba unakuwa wa saa kumi na mbili, na mwezi wa sita jua kwetu linazama saa kumi na mbili na nusu. Hesabu hiyo haikubali. Inapolazimishwa ikubali, kinachokatwa ni usingizi wa mchana, kisha muda wa mtoto kutembea mwenyewe, na siku ya pili mnakuwa na mtoto anayelia kuanzia kifungua kinywa.

Ningeipanga hivi. Siku ya kwanza ni ya basi tu. Kutoka Dar hadi Lushoto inakula karibu mchana wote, na zile kona za kupanda kutoka Mombo hutapisha watoto hata wenye matumbo ya chuma, kwa hiyo pale Mombo mpeni kitu kidogo kikavu, si maziwa. Laleni Lushoto usiku mbili au tatu. Asubuhi nendeni Irente polepole, kilomita tano au sita kupitia mashamba, mkale mkate na jibini kule kwenye shamba la kanisa, kisha ukingoni mtazame Mazinde na mkonge wake chini kabisa. Pale ukingoni mtoto asiguse ardhi. Abaki mgongoni au ashikwe mkono na mtu mzima ambaye hafanyi kingine chochote, hata simu aiweke mfukoni. Hakuna ukuta, na majani yanaficha mahali mwamba unapoishia. Kesho yake Magamba, kuingia na kutoka siku hiyo hiyo. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kuna ada ya kuingia, na mwenye kuwaongoza atawasaidia malipo. Mwendo wa saa tatu humo ndani unatosha. Mbega wakiwepo, mtoto ndiye atakayewaona wa kwanza, kwa sababu ninyi mtakuwa mnaangalia miguu.

Halafu pandeni gari hadi Mambo au Mtae. Najua shemeji ataona hiyo ni kudanganya. Mwambie hivi: Mtae ni kijiji kilichokaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, bonde kulia, bonde kushoto, na mbele yake ardhi inakatika ghafla na unaona nyika ya Mkomazi hadi macho yachoke. Kukiwa na anga safi, Kilimanjaro inajitokeza asubuhi au jioni. Atakayefika hapo na mtoto aliyelala vizuri atakaa saa nzima akitazama. Atakayefika saa moja usiku na mtoto anayelia hataona kitu, ataoga na kulala. Kaeni siku mbili, begi liko chumbani, kila siku mtembee saa tatu au nne kwenye vijia vya kati ya vijiji, mrudi kulala palepale. Akitaka kabisa kupata ile hisia ya kutoka hapa kufika pale, basi Mambo na Mtae haziko mbali. Kipande hicho kimoja kitembeeni na mizigo yenu, mpagazi akiwepo.

Siku yenyewe ya kutembea ninavyoipenda: kuondoka saa mbili na nusu, mtoto mgongoni akiwa bado na uji tumboni. Kila baada ya dakika arobaini na tano au saa moja, mshusheni, hata kama ametulia, damu ipite miguuni. Kila mapumziko mawili, moja liwe lake: anatembea, mnamfuata. Atakwenda labda mita mia tatu kwa nusu saa, ataokota mawe, atayarudisha, atakaa. Msimharakishe, hiyo ndiyo sehemu yake ya safari. Saa sita mle, apande tena mgongoni na usingizi, na huo ndio wakati wenu wa kusonga. Akilala kwenye fremu, kichwa kikianguka mbele hadi kidevu kiguse kifua, simameni mkiegemeze kwa kanga iliyokunjwa. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba. Saa tisa muwe mmefika. Ukiwa na mtoto, saa za jioni ni akiba ya kuchelewa, si za kutembea.

Kabla ya kumweka chini mahali popote, tazameni ardhi. Baada ya mvua siafu hutembea kwa mistari, na mtoto akikanyaga mstari wao anavuliwa nguo zote hapo hapo. Upupu upo pia. Vinyonga mtawaona wengi, na wenyeji wengi wanawaogopa. Hawana sumu, lakini mtoto asiwashike maana atawaminya. Hayo madogo. Majeraha makubwa ya watoto safarini siyaoni njiani, nayaona mnakofikia: sufuria ya uji wa moto iliyowekwa chini, chupa ya chai, choo cha shimo chenye tundu kubwa kuliko kiuno cha mtoto. Mkiingia mahali, mmoja wenu azunguke kwanza kukagua kabla mtoto hajashushwa.

Na hili nalisema kwa sauti. Usiku ukiwa wa baridi, mtu mwema atawapa jiko la mkaa liwekwe chumbani watoto wapate joto. Mshukuruni, mliache nje. Mkaa unatoa hewa isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini, na chumba kilichozibwa vizuri ndicho cha hatari zaidi. Joto la mtoto ni ninyi: alale katikati yenu, kofia kichwani.

Afya kwa ufupi. Ana miezi 20, kwa hiyo hakikisha chanjo ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18, ameshapata, na kadi yake ya kliniki iwe kwenye begi. Chandarua chenye dawa mkibebe. Huku juu malaria ni kidogo kuliko kwenu, lakini mnapita Mombo, na mbu wa Tabata wanaweza kuwa wameshamuuma kabla hamjaondoka. Akipata homa, msingoje kesho kutwa: zahanati, kipimo cha haraka, siku hiyo hiyo. Akiharisha, muwe na pakiti nne za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki, kila pakiti kwenye lita moja ya maji safi. Dawa ya maji ya paracetamol, na mfamasia akuandikie kwenye chupa ni mililita ngapi kwa kilo 11, maana saa nane usiku na tochi mdomoni hutapiga hesabu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yale ya kijito yanayoonekana kama kioo. Juu yake kuna shamba la kabichi na ng’ombe. Mjini Lushoto kuna hospitali ya wilaya. Kila mnapolala, swali la kwanza liwe zahanati iko wapi na nani ana bodaboda usiku.

Pampasi sita kwa siku, siku tatu kumi na nane. Kavu hazifiki kilo moja, zikishatumika zinaweza kuwa kilo tatu, na hizo mnazirudisha Lushoto kwenye mfuko mgumu uliofungwa. Msizitupe chooni wala msituni. Nepi za kitambaa ni wazo zuri Dar. Mwezi wa sita kwetu hazikauki.

Chakula msijitese. Viazi, mayai, parachichi, ndizi na maharage vipo kila kijiji. Beba unga wa uji wake aliouzoea, kwa sababu mtoto anayekataa kila kitu ugenini atakubali kikombe chake.

Umemtaja mkubwa mara moja tu kwenye swali lako, na huyo ndiye anayenipa wasiwasi. Wazazi wote macho yako kwa mdogo, mkubwa anabaki nyuma akikata kijiti, dakika tano baadaye hayupo. Mpeni filimbi shingoni na sheria moja: ukiacha kutuona, kaa kwenye mti ulio karibu, puliza mara tatu, subiri, puliza tena, usitafute njia. Mjaribuni Pugu. Mpeni na kazi ya kweli. Huyo awe mwenye kushika saa na kutangaza mapumziko ya mdogo wake. Wangu alikuwa anatangaza kama mtangazaji wa mpira, tulikuwa tunacheka hadi tunasimama bila kuchoka.

Bibi mtakaokutana nao njiani watawasimamisha. Watamtazama mtoto juu ya lile fremu, watacheka, kisha watamgusa miguu na kuuliza mbona hamjamfunika. Msikasirike. Waacheni wamguse, wakisema mguu ni wa baridi, mshusheni mtoto mwangalie.

Na mwambie Mama mkwe aje nanyi hadi Lushoto. Nasema kweli. Akae nyumba ya wageni, siku ya Magamba mdogo abaki naye nusu siku, wewe na shemeji na mkubwa mwende mwendo wenu.

Kurudi, mabasi ya Mtae huondoka alfajiri, giza bado limetanda. Fungasheni kila kitu jioni, msimwamshe mtoto, mchukueni na blanketi lake hivyo hivyo alivyolala. Pampasi mbili, kikombe, ndizi na mfuko wa kutapikia viwe juu kabisa ya begi, mkono ufike bila kuwasha taa.